Fundi yuko tayari kumpokea mwanangu. Je, nimweleze kuhusu usonji wake?

Mpendwa Mshauri,

Nina kijana wa kiume wa miaka 19 mwenye usonji na ugumu mkubwa wa kusoma. Alimaliza shule mwaka jana katika darasa la wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na tangu hapo yuko nyumbani. Shuleni kulikuwa na walimu waliomjua, ratiba aliyoizoea, na mtu wa kunipigia simu jambo linapoharibika. Alipomaliza, vyote hivyo vilikatika kwa pamoja, na hakuna aliyetueleza kinachofuata.

Anachokipenda ni baiskeli. Alianza kwa kuifungua ya dada yake na kuirudisha ilivyokuwa, kisha majirani wakaanza kumletea zao. Husikia kwa masikio kasoro ambayo mimi siioni hata nikionyeshwa, na anaweza kushinda mchana kutwa akikaza na kulegeza spoku mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba. Yanayomshinda ni mambo mengine. Ukimpa maagizo matatu kwa mpigo, atashika la kwanza tu. Mashine ikinguruma ghafla, huziba masikio na kuondoka alipo. Hamtazami usoni mtu anayezungumza naye, na asiyemjua akimharakisha hunyamaza kabisa, hata mtu huyo akadhani anadharauliwa.

Mapema mwaka huu alijaribiwa kazi ya kupanga bidhaa katika duka kubwa. Kila siku alikuwa chini ya msimamizi mwingine na katika sehemu nyingine ya duka, na maelekezo yenyewe yalikuwa "panga vizuri". Baada ya siku chache alirudishwa nyumbani kwa maelezo kwamba hafuati anachoambiwa. Tangu hapo nikitaja neno kazi huinuka na kuingia chumbani kwake.

Sasa kuna nafasi mbili mbele yetu. Ya kwanza ni katika kituo cha watu wenye ulemavu ambako wanafunga bidhaa kwenye maboksi na kufuma. Watumishi wake ni wapole, usafiri upo, na hakuna atakayemfukuza. Hakuna mshahara, ila posho ndogo. Niliuliza ni vijana wangapi wametoka pale wakaenda kuajiriwa, na sikupata jibu la wazi. Nafasi ya pili ni kwa fundi wa baiskeli ambaye alimwona mwanangu akirekebisha breki ya jirani yetu. Alivutiwa, akasema yuko tayari kumchukua awe mwanagenzi wake, aanze kwa majaribio. Fundi huyu hajui lolote kuhusu usonji. Anadhani ni kijana mpole asiyependa maneno mengi.

Baba yake anataka kituo. Anasema kwa fundi atafokewa, atachekwa, na siku moja atajikata kwa mashine. Binti yangu mkubwa anataka fundi, lakini ananisihi nisiseme kitu, kwa sababu anaamini watu wakishasikia neno usonji hawataona tena mikono ya mdogo wake. Mimi nimefikiria nimpeleke kwa fundi, kisha niwe nakaa naye pale kila siku ili niingilie kati likitokea jambo. Kituo kinataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Je, njia salama kwa mwanangu ni ipi? Na je, nimwambie fundi?

Mama aliye njia panda

*

Mama mpendwa,

Barua yako imenisaidia kumjua kijana wako. Nimejua anachokipenda, kinachomshtua na kinachomfanya anyamaze, na huo ndio ujuzi ambao fundi, kituo au mtaalamu yeyote atauhitaji kutoka kwenu. Pole kwa yale yaliyofuata baada ya shule. Familia nyingi hukutana nayo, kwa sababu mara nyingi huduma za watoto zina ofisi zake na za watu wazima zina zake, na kijana huachwa katikati wakati uleule anapotakiwa kuanza maisha yake. Kama shule bado ina kumbukumbu zake, ziombe sasa, hasa maelezo ya njia za kufundishia zilizomfaa.

Unaniuliza maswali mawili: aende wapi, na fundi aambiwe nini. Nimeisoma barua mara kadhaa nikitafuta jambo la tatu, nalo sikulipata. Najua anachotaka baba yake, najua anachotaka dada yake, na najua unachokihofia wewe. Sijui yeye mwenyewe anataka nini. Silisemi hili kukulaumu, maana mmezoea kumsemea kwa sababu kwa miaka mingi ilibidi. Lakini ana miaka 19, ni mtu mzima, na mkataba wowote wa kazi utamhusu yeye kabla ya kumhusu mwingine.

Inawezekana umekwisha kumuuliza na jibu likawa kuingia chumbani. Hapo ningependa tujiulize anakataa nini hasa. Kwake, neno kazi limebeba duka lile, na huenda hajui kwamba kushika spana kwenye karakana ya fundi nako ni kazi. Kwa kijana anayefikiri kupitia vitu anavyoviona, swali la jumla kama "unataka kufanya kazi wapi?" ni gumu mno. Afadhali akae saa chache kituoni na saa chache karakanani, katika siku tofauti, bila ahadi yoyote, kisha mtazame anavyokuwa akirudi: amelala vipi, amekula vipi, anarudia kutaja nini. Mnaweza kupiga picha za sehemu zote mbili na kumwachia aziweke mwenyewe upande wa anakopenda na upande wa asikopenda. Angalieni tu kwamba vijana wengi waliozoea kuongozwa hujibu "ndiyo" ili kumridhisha anayeuliza. Ulizeni kwa njia zaidi ya moja, na mtu zaidi ya mmoja.

Nirudi kidogo kwenye duka, kwa sababu naona tukio lile linaendelea kuwatisha nyote. Mliambiwa hafuati maelekezo. Ukilisoma upya ulivyoliandika, utaona msimamizi aliyebadilika kila siku, sehemu iliyobadilika kila siku, na agizo ambalo hata mimi nisingejua linataka nini. Mtu anayeshika jambo moja kwa wakati mmoja aliwekwa mahali ambapo hakuna jambo lililotulia. Kilichopimwa pale ni jinsi kazi ilivyopangwa na jinsi ilivyofundishwa, na kwa maoni yangu hakuna aliyepima uwezo wake.

Kuna historia inayohusu hata baiskeli katika hili. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Marc Gold aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, ambao watu wengi hawakutarajia wangeweza kujifunza kazi kama hiyo, kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Aliigawa kazi katika hatua ndogo, akafundisha kwa vitendo kuliko kwa maneno, na katika baadhi ya mafunzo akapaka rangi upande wa kipande unaotakiwa kumtazama mfungaji. Waliweza. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwanafunzi asipoelewa, mwalimu ndiye anayepaswa kutafuta njia nyingine. Kijana wako tayari anaijua breki. Kinachobaki ni kwamba fundi aweze kumwonyesha hatua moja, angoje, kisha aonyeshe inayofuata, na kwamba hatua za kazi ndefu ziwekwe ukutani kwa picha, kwa kuwa kusoma kunamshinda.

Hapa napenda kugusa wazo ambalo sikuliona limeandikwa wazi, lakini nadhani liko nyuma ya uchaguzi wa baba yake: kwamba kijana aanze kituoni mpaka awe tayari, kisha ndipo aende kwenye kazi ya kawaida. Wazo hilo lina nia njema, na kwa miongo mingi huduma zilijengwa juu yake. Shida iliyoonekana ni kwamba siku ya kuwa tayari mara nyingi haifiki. Kijana mwenye usonji anaweza kujifunza vizuri kufunga maboksi na bado asibebe ujuzi huo kwenda nao mahali pengine, kwa sababu amejifunza kwa vitu vya pale, sauti za pale na watu wa pale. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 imeenea njia iliyogeuza utaratibu, ambapo mtu huwekwa kwanza kwenye kazi halisi, kisha hufundishwa palepale akiwa na msaidizi. Hata sheria ya kimataifa imeelekea huko. Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinazungumzia kazi mtu aliyoichagua kwa hiari katika soko la ajira lililo wazi kwa wote, pamoja na marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Mwaka 2022 kamati inayosimamia mkataba huo ilieleza kwamba karakana zilizotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu peke yao haziwezi kuhesabiwa kuwa hatua ya kuitimiza haki hiyo.

Hayo yasikufanye uone aibu kukipenda kituo. Upole wa watumishi na usafiri wa uhakika ni vitu vya kweli, na kwa baadhi ya vijana, katika kipindi fulani cha maisha, kutoka nyumbani na kuwa na watu ni hatua kubwa. Lakini swali lako kuhusu waliotoka pale kwenda kuajiriwa lilikuwa swali sahihi, na unastahili kulirudia mpaka ujibiwe. Uliza pia kama kituo kinamruhusu kuhudhuria siku chache kwa wiki, na kama kinaweza kumshikia nafasi wakati akijaribu kwingine. Kuchanganya sehemu mbili kunaweza kuonekana ni suluhisho jepesi, ingawa kwa mtu anayetegemea ratiba isiyobadilika kunaweza kumchosha kuliko kuwa na sehemu moja. Hilo yeye ndiye atakayewaonyesha.

Sasa fundi, na neno usonji. Binti yako ana hoja nzito. Kuna watu ambao wakishasikia jina la hali ya mtu huacha kumtazama mwenyewe, na ukishalisema huwezi kulirudisha. Nakuomba tu upime na hatari ya upande wa pili. Siku ya kwanza mashine ya kujaza upepo itakaponguruma, kijana ataziba masikio na kuondoka huku mteja akisubiri. Fundi asiyejua lolote atatafuta maelezo yake mwenyewe, na yaliyo karibu ni kwamba kijana ni mvivu, ana kiburi au hana adabu. Maelezo ya namna hiyo yalimwondoa dukani. Tena katika nchi nyingi zenye sheria ya kumtaka mwajiri afanye marekebisho, wajibu huo humbana anapokuwa anajua, au angepaswa kujua, kwamba yanahitajika. Akifichwa, msaada nao huzuilika.

Kati ya kusema yote na kunyamaza kuna nafasi pana. Fundi hahitaji historia ya hospitali. Anahitaji kujua kwamba kijana huyu hufanya kazi vizuri akipewa agizo moja kwa wakati mmoja na akionyeshwa kwa mkono. Kwamba kutotazama usoni si dharau. Kwamba akionywa kabla ya mashine kuwashwa, au akivaa kinga ya masikio, atabaki kazini. Na kwamba akiondoka ghafla aachwe atulie mahali palipokubaliwa, naye atarudi. Hayo yote yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, yakianza na anayoyaweza, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe ameyakubali. Jina la hali yake linaweza kuwemo au lisiwemo. Huo ni uamuzi wake kwa sababu ni habari yake, na ningependa aambiwe waziwazi kwamba ana haki ya kusema na haki ya kutosema. Kama yuko tayari, akabidhi ukurasa huo yeye, hata bila kutamka neno, wewe ukiwa pembeni. Faida nyingine ni kwamba mtapata kumsoma fundi kwa jinsi atakavyoupokea. Anayeuliza maswali na anayeanza kurudi nyuma huonekana mapema, na ni heri kulijua hilo kabla kijana hajaanza kuliko baada.

Kuhusu kukaa naye karakanani kila siku, naielewa hofu inayokusukuma, na nakuomba ulifikirie tena. Mama akiwapo, fundi atakuambia wewe badala ya kumwambia yeye, wenzake watamwona mtoto, naye atakutazama wewe kila anapokwama. Panapopatikana huduma za ajira kwa watu wenye ulemavu huwa kuna msaidizi wa kazini, ambaye huifahamu kazi kwanza, humfundisha kijana hatua kwa hatua, humwelekeza pia fundi namna ya kumfundisha, kisha hupunguza kuwapo kwake kidogo kidogo. Uliza katika ofisi ya ajira, ya ustawi wa jamii, au katika chama cha familia zenye watoto wenye usonji, kama huduma hiyo ipo kwenu. Isipokuwepo, mnaweza kuijenga kwa namna ndogo zaidi. Mtafuteni mwanagenzi mmoja wa palepale, mtulivu, aliyekubali kwa hiari kuwa mtu wake wa kumuuliza, na wiki za mwanzo ziwe za saa chache kwa siku. Wewe nguvu zako zinaweza kwenda kwenye safari, kwa maana ya kumzoesha njia ya kwenda na kurudi mpaka aimudu, jambo ambalo familia nyingi hulisahau na ambalo huvunja nafasi nzuri za kazi.

Usiache pia kuuliza neno "majaribio" lina maana gani kwa fundi. Wapo mafundi wema, na wapo wanaomtumia kijana bila malipo mwaka baada ya mwaka kwa sababu halalamiki, na kijana asiyependa maneno ndiye anayedhulumiwa kwa urahisi zaidi. Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2023, linaueleza uanagenzi kuwa mafunzo yenye makubaliano, malipo au fidia ya fedha, kujifunza kazini na nje ya kazi, na mwisho wake sifa inayotambulika. Karakana ndogo huenda isifikie yote hayo siku ya kwanza, lakini unaweza kuyatumia kuuliza: majaribio yanaisha lini, baada yake atalipwa nini, atafundishwa nini kwa mpangilio upi, nani anawajibika akiumia, na je, kuna chuo au mamlaka ya ufundi itakayoweza kumpima na kumpa cheti, kwa vitendo na kwa maswali ya mdomo badala ya karatasi? Kama anapokea ruzuku yoyote kwa sababu ya ulemavu wake, ulizeni kabla ya kusaini kama malipo ya kazi yataigusa, na kama inaweza kurejeshwa kazi ikikatika.

Yote haya hayaondoi uwezekano kwamba kwa fundi mambo yasiende vizuri. Yasipoenda, mtajua kitu kuhusu fundi yule na karakana ile, na kuhusu marekebisho yaliyokosekana, na kijana atahitaji kusikia mkilisema hivyo mbele yake, maana baada ya duka nadhani hakuna aliyemwambia. Na ikiwa baada ya kuona sehemu zote mbili atachagua kituo, hilo nalo litakuwa chaguo lake, ambalo mnaweza kulitazama upya baada ya miezi michache.

Mpe baba yake nafasi katika hili. Anachokihofia ni kufokewa, kuchekwa na kuumia, na mambo hayo matatu mtu anaweza kwenda kuyaangalia. Kabla ya mwezi kwisha, aende karakanani wakati wa wateja wengi, akae kwa muda, asikilize fundi anavyosema na mwanagenzi aliyeharibu kazi, atazame mashine zipi zina kinga na nani anaruhusiwa kuzigusa. Kisha mwulizeni fundi pamoja kama kijana anaweza kuanza na magurudumu na breki peke yake, mbali na mashine zenye makali, mpaka atakapoizoea sehemu.

Wako,
Mshauri